Mkono wa Kuazima

Raisa, muuguzi wetu wa kutoa damu, hatazami nyuso. Anatazama mishipa. Miaka yote niliyofanya naye kazi katika maabara ya hospitali ya wilaya, sijawahi kumsikia akisema fulani amekonda au fulani ana macho mazuri. Atakwambia fulani ana mshipa kama kamba ya kufungia ng'ombe, na fulani mshipa wake unakimbia ukiiona sindano. Mtu anaitwa jina kutoka mlangoni, anaingia, anakaa, anakunja shati, anageukia ukutani, na Raisa anachoma. Kitambulisho haulizwi. Nani atamuuliza mtu kitambulisho katika mji ambao sisi sote tulibatizwa kwenye beseni moja?

Hapo ndipo Iurie Cazacu alipopitia.

Vuli ile alikuwa anamwoa Aglaia, binti wa Padri Sevastian, maana mapadri wetu Waorthodoksi huoa. Kwetu Moldova wakati ule msajili hakuandikishi ndoa bila cheti cha hospitali, na cheti hakitoki bila damu: kaswende, virusi vya ukimwi, kundi la damu, basi. Kwa wengi ilikuwa kero ya asubuhi moja. Bwana harusi anakuja na kundi la wenzake, wanacheka korido nzima kama wanakwenda kuchinja nguruwe, Raisa anapewa boksi la chokoleti, wanaondoka. Iurie naye alikuja na kundi lake. Vicheko vyao nilivisikia kupitia ukuta, na nilikasirika kwa sababu nilikuwa napima vitone.

Mimi ni daktari wa maabara. Jina langu Zinaida Grosu, na watu husema nina mdomo. Ninao. Katika kazi yangu asiyekuwa na mdomo anageuka kuwa mashine ya kupiga mihuri.

Kipimo chenyewe hakina maajabu. Unayo sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo, kila kishimo na majimaji ya damu ya mtu mmoja. Unatia dawa, unaosha, unatia nyingine, unangoja. Mtu ambaye mwili wake haujawahi kupigana na virusi, kishimo chake kinabaki kama maji. Aliyepigana navyo, kishimo kinageuka manjano. Siku ile kishimo cha Iurie Cazacu kiligeuka manjano iliyokolea, ya ugali wa mahindi ya njano uliotoka kwenye chungu. Nilirudia. Kikarudi vilevile. Kuna manjano hafifu ya kudanganya, ya mtu aliyechanjwa juzi au mama mjamzito, na hiyo huifanyi habari. Hii haikuwa hiyo.

Nikamwita ofisini.

"Kaa, Iurie."

"Nimekaa sana kwenye gari, daktari. Nionyeshe tu nisaini wapi, mama mkwe ananingoja na kuku wake."

"Kaa."

Akakaa. Nilimweleza kama ninavyomweleza kila mtu: kwamba hiki ni kipimo cha kwanza, kwamba si hukumu, kwamba tutachukua damu nyingine na kuipeleka maabara kuu ya Chișinău kwa uhakika, na kwamba kabla ya hapo cheti hakitoki. Kisha akaruka kwenye kiti.

"Haiwezekani! Huyo hata sigara havuti!"

"Nani havuti?"

"Mimi," alisema. "Mimi sivuti."

Pakiti ya sigara ilikuwa inachungulia mfukoni mwa shati lake. Nilidhani amechanganyikiwa. Watu husema mengi katika kiti kile. Mmoja aliwahi kuniuliza bei ya saruji. Nikampa maji, hakunywa.

"Nitoe tena," alisema. "Sasa hivi. Nitoe mwenyewe, daktari, usimwite Raisa."

Nikamtoa. Mkono mmoja nilikuwa nimeushika mimi, na kwa ule mwingine alikuwa anapiga ishara ya msalaba chini ya meza kama mtoto anayejificha. Nilishangaa kidogo kuona alama za zamani kwenye kiwiko chake, makovu madogo yaliyopangana. Nilizijua alama hizo. Iurie alikuwa amekaa Odesa, ng'ambo ya mpaka, na kundi la vijana wa kwetu waliokuwa wakijidunga dawa za kulevya, na zaidi ya nusu yao tumekwisha kuwazika. Nikasema moyoni, basi, ndiyo yenyewe.

Siyo yenyewe. Damu ile ya pili ilitoka safi. Hapa ikatoka safi, Chișinău ikatoka safi. Nilipomwambia, aliweka uso juu ya meza yangu akalia kwa kwikwi, akanyanyuka akambusu Raisa mashavuni, akambusu hata fundi wa mabomba aliyekuwa anapita. Nilimtazama nikaingiwa na shaka, maana mtu aliyejua kwamba ni mzima halii hivyo. Alikuwa amekuja na uhakika wa kufa, na ameambiwa ataishi.

Mrija wa kwanza nilikuwa nao bado kwenye friji. Nikapima kundi la damu la mirija yote miwili kwa mkono wangu. Wa kwanza ulikuwa B. Wa pili ulikuwa A. Nilipima tena, maana niliomba Mungu niwe nimezeeka. B na A.

Nikaanza kujishuku mwenyewe kwanza, kama ipasavyo. Labda tulichanganya mirija mezani. Nikawaita upya wote waliotoa damu asubuhi ile, kwa visingizio mbalimbali, na wote wakawa safi. Hapo ikabaki njia moja tu. Raisa alipoita jina la Iurie Cazacu, mtu mwingine ndiye aliyeingia akakunja shati. Iurie aliiogopa damu yake ya Odesa, akaazima mkono wa mtu aliyemwamini kuwa safi kuliko wote anaowajua. Na mtu huyo ndiye mgonjwa, na hajui.

"Raisa, alikuwa nani?"

"Mkono wa mjenzi," alisema. "Mshipa mnene, mzuri, umelala juu kabisa. Ningeweza kuuchoma nimefumba macho."

"Uso, Raisa! Uso!"

"Aligeukia ukutani," alisema, na akaanza kulia kwa ajili ya pensheni yake.

Nikaenda kwa mkuu wa hospitali, Daktari Ursachi, mtu mwenye mikono laini na sauti ya kubembeleza.

"Zina, dada yangu, unataka nini hasa?"

"Namtaka mwenye damu."

"Mwenye damu ana jina. Iurie Cazacu. Na ni mzima, tumshukuru Mungu. Harusi ni Jumapili, Padri amealika nusu ya wilaya. Hata mimi nimealikwa."

"Kuna mwanamume anatembea na virusi na hajui. Pengine ana mke."

"Wapo wengi wanaotembea navyo, Zina. Tuandike kosa la maabara, tulale."

"Kosa la maabara ni mimi."

"Basi andika ni wewe."

Sikuandika. Akaandika yeye, kwa kalamu yangu, juu ya meza yangu. Ndani ya siku chache mji mzima ulijua kwamba kwa Zinaida wanachanganya damu, na wenye magari wakaanza kupeleka damu zao wilaya jirani. Dada mmoja sokoni aliniuliza kwa sauti kama nimewahi kuchanganya pia chumvi na sukari. Nilimjibu, na jibu langu siwezi kuliandika hapa.

Kabla ya Jumapili nikaenda kwa kina Cazacu. Uani walikuwa wanasimamisha hema la harusi. Wanawake walikuwa wamekaa kuzunguka masufuria, wakifunga wali na nyama kwenye majani ya mzabibu, na wanaume wakipigilia mabenchi. Mama yake Iurie, Domnica, aliniletea andazi la jibini kabla hata sijafika katikati ya ua.

"Kula, daktari. Umetutisha, lakini tumekusamehe. Kula."

Nilikula. Macho yangu yalikuwa kwa wanaume. Nilikuwa nalikumbuka lile neno la Iurie ofisini, na nilikuwa namtafuta asiyevuta. Kazi bure. Kila mdomo ulikuwa na sigara, moshi umejaa chini ya turubai kama jiko bovu, isipokuwa jamaa mmoja juu ya ngazi aliyekuwa na misumari mdomoni. Aliponiona akaitema mkononi akanisalimia kwa adabu. Alikuwa Corneliu, binamu wa Iurie, mtoto wa baba mkubwa, aliyerudi kiangazi kutoka ujenzi wa Moscow.

"Ahsante, daktari, kwa kumtoa ndugu yangu kwenye balaa," alisema. "Angekufa kwa hofu kabla ya ndoa. Lilia, njoo umsalimie daktari."

Mkewe alikuja akijifuta mikono, msichana mfupi mwenye nywele za shaba, tumbo limetangulia.

"Maharusi hawa ndio watakaomshika wetu kwenye maji," alisema akilipapasa tumbo. "Tumeshawaambia. Hawana ruhusa ya kukataa."

"Nani anakataa ubatizo?" alidakia Domnica. "Anayekataa huota masikio ya punda!"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nililiona tumbo lile, nikalitakia heri. Mungu wangu, nililitakia heri na andazi likiwa mdomoni!

Iurie nilimpata nyuma ya ghala, anamimina divai kutoka pipa. Nilimwambia kila kitu nilichokijua, makundi ya damu na yote. Hakubisha hata kidogo. Alikaa chini kwenye majani makavu.

"Nani, Iurie?"

"Siwezi."

"Utanitajia jina sasa hivi."

"Nikimtaja utamwita. Ukimwita ataniuliza kwa nini nilimwingiza yeye badala yangu. Yeye nilimwambia naogopa sindano. Ataelewa ya Odesa, atamwambia mama, mama atalia mbele ya Padri, na Padri… wewe unamjua Padri Sevastian, daktari. Aglaia hajui. Hajui hata moja."

"Wewe ni mzima! Ya Odesa yamekwisha, waambie tu!"

"Na kuingiza mtu kwa jina langu? Jela je?"

"Nisikilize, mwanangu," nilisema, na sijui lile neno mwanangu lilitoka wapi, maana nilitaka kumpiga kwa kata ya divai. "Siku hizi dawa zipo, na ni za bure. Mtu huyo akianza mapema ataishi, atazeeka, atakuzika wewe. Asipojua, atampa mkewe. Mke akiwa mjamzito atampa mtoto, na hilo tunaweza kulizuia, unasikia? Vidonge kwa mama kabla ya kujifungua, mtoto asinyonye, basi. Mtoto anatoka mzima. Lakini lazima tujue. Tukichelewa hatuna la kuzuia."

Nilipotaja mtoto aliinua uso. Nilimwona amekuwa mweupe. Nilidhani ni dhamiri ya kawaida ya binadamu.

"Baada ya harusi," alisema. "Naapa kwa kaburi la baba. Nitamwambia mwenyewe, kwa upole. Nipe wiki moja."

Ningefanya nini? Ningepanda juu ya benchi nitangaze? Sheria ilinifunga mdomo kwa upande mmoja na Ursachi kwa upande mwingine, na jina sikuwa nalo. Nikampa wiki.

Alikuja mwenyewe kabla haijaisha, na pete mpya kidoleni, akafunga mlango.

"Nimemwambia," alisema. "Amelia, tumelia wote. Amekwenda Chișinău, anatibiwa huko, hapa anaona aibu. Ameniomba jina lake lisijulikane."

"Ana mke?"

"Hana," alisema Iurie Cazacu, huku akinitazama machoni.

Nilipiga simu Chișinău kwenye kituo cha matibabu ya virusi. Walinijibu kwa haki kabisa kwamba habari za wagonjwa hawazitoi kwenye simu, hata kwangu. Nikabaki na neno la mtu aliyeapa kwa kaburi. Sikumwamini wala sikuacha kumwamini. Kila nilipokutana naye sokoni nilimuuliza, "Anaendeleaje yule?" naye alijibu bila kusita, "Ananenepa." Ilifika mahali akaanza kunijibu kabla sijauliza.

Wajawazito wetu hupimwa mara mbili, mwanzoni na karibu na kujifungua. Majira ya baridi yale vitendanishi, dawa zetu za kupimia, viliisha. Niliandika, nikapiga simu, nikamtukana karani wa wizarani mpaka akakata. Wakatuletea vichache tukaambiwa tuviweke kwa ajili ya wanaopimwa mara ya kwanza tu. Hivyo wale waliokwisha kuwa safi mwanzoni mwa mimba hawakurudiwa. Lilia alikuwa mmoja wao. Alipimwa mumewe akiwa amekwisha kurudi Moscow baada ya likizo ya Pasaka iliyompa mimba, akawa safi, na kipimo kile kilikuwa cha kweli kabisa kwa siku ile.

Mtoto alizaliwa kwenye theluji. Akapewa jina la baba yake wa ubatizo, kama wengi wanavyofanya kwetu kumheshimu mshikaji. Nasikia Iurie alimshika kwenye maji vizuri sana, mtoto hakulia, na Padri Sevastian alimsifu mkwewe mbele ya watu.

Cheri zilikuwa zimeanza kuiva nilipoona tena mrija ulioandikwa Iurie Cazacu. Nilidhani ni yeye. Nikaangalia umri, ulikuwa wa mtoto mchanga. Daktari wa watoto alikuwa ameandika kwamba haongezeki uzito, mdomo umejaa utando mweupe, homa ya mapafu ya pili. Nikapima. Nilikaa mbele ya sahani ile na mikono yangu mapajani, natazama manjano ikikolea.

Kwa mtoto mdogo hivyo kipimo chetu hakimsemi yeye. Kinamsema mama yake, maana mtoto huzaliwa na kinga ya mama na hukaa nayo muda mrefu. Wapo wengi wenye manjano ile ambao baadaye husafika wakakua wakapanda miti. Anayetaka kumjua mtoto mwenyewe lazima atafute kirusi chenyewe, na kazi hiyo hufanywa Chișinău. Nikapeleka damu Chișinău. Nikampima na Lilia. Lilia akawa nacho, nikamweleza. Kundi la damu la mtoto lilikuwa B, lakini B ziko nyingi, na bado sikutaka kuunganisha. Nasema wazi kwamba sikutaka. Niliogopa.

Jibu la mtoto lilirudi. Alikuwa nacho.

Siku niliyowaita walikuja na gari la Iurie, kwa kuwa ndiye mwenye gari. Walivyoingia nikajua kuna jambo zaidi ya ugonjwa. Lilia alikaa kwenye kiti cha pembeni, karibu na dirisha, kitambaa amekishusha mpaka kwenye nyusi. Corneliu alibaki amesimama mlangoni. Mtoto walimwacha koridoni kwa baba yake wa ubatizo, kwa sababu alikuwa akiona koti jeupe analia. Niliwaeleza jibu la Chișinău. Niliwaeleza dawa, kwamba zipo, kwamba mtoto ataanza kesho, kwamba maziwa ya mama yasimamishwe leo hii. Lilia aliuliza tu kama maziwa ndiyo yaliyofanya. Nikamwambia inaweza kuwa kabla, inaweza kuwa maziwa, na kwamba hakuwa na njia ya kujua.

"Sasa wewe, Corneliu," nilisema. "Kaa nikutoe."

"Mimi sipimwi."

"Kaa, baba."

"Nimesema sipimwi! Mpime huyu mara mia. Muulize nilipokuwa Moscow nabeba matofali alikuwa analala wapi. Mama yangu amemuuliza wiki nzima, hasemi. Analia tu. Kulia ndiyo jibu?"

"Sikulala popote," alisema Lilia akiwa amegeukia dirishani. Alisema kama mtu aliyesema hivyo mpaka maneno yamekwisha ladha.

"Umeona? Amehamia kwao na mtoto. Iurie peke yake ndiye anayehangaika kutupatanisha, anakwenda huku, anakuja huku, anasema nisamehe. Nisamehe nini? Ningesamehe kama angekiri!"

"Corneliu," nilisema, "huenda wewe ndiye uliyempa. Inawezekana. Hatujui mpaka tupime."

"Mimi ni safi, daktari."

"Umejuaje?"

Hapo hasira yake ikapungua kidogo, ikaingia haya. Alijikuna shingo.

"Nilishapimwa," alisema. "Hapahapa, kwenye chumba cha Raisa. Usinigombeze, yamepita. Ni ile vuli ya harusi. Iurie anaogopa sindano, mtu mzima anazimia, akaniomba nikae badala yake. Akasema sisi damu moja, wewe huvuti, hunywi, damu yako itapendeza. Tulicheka sana siku ile." Akaukunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, kana kwamba ushahidi uko pale. Mshipa ulikuwa mnene, umelala juu kabisa. "Ikatoka safi. Waliponiambia kwamba damu zilichanganywa, mwanzoni nikapata hofu, lakini Iurie mwenyewe akaniambia, usijali, yako ilitoka safi. Kwa hiyo kama mimi ni safi, na mtoto anacho, wewe niambie, daktari. Imetoka wapi?"

Lilia aligeuka kutoka dirishani. Hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi, na sijui uso wangu ulikuwa unasema nini, maana mdomo wangu huu ambao mji mzima unaulalamikia haukuweza kufunguka. Nilikuwa nawaza pipa la divai, na jinsi Iurie alivyobadilika rangi nilipotaja mtoto. Alijua pale pale. Alijua ni tumbo gani nililokuwa nalisemea. Na miezi yote ile alikula nao, akamshika mtoto kwenye maji, akamwacha anyonye, na wiki hii nzima amekuwa akimwacha msichana huyu aitwe malaya na kwenda kumwombea msamaha.

Nilinyanyuka nikafungua mlango.

Alikuwa kwenye benchi la korido, mtoto amelala begani kwake, mkono wake mkubwa umefunika mgongo wote mdogo ule. Alikuwa anamwimbia kitu kwa sauti ya chini. Aliponiona akanyamaza.

"Ingia," nilimwambia.

"Amelala, daktari. Tusimwamshe."

"Ingia naye."

Akaingia. Chumba kilikuwa kidogo kwa watu wote wale. Corneliu alimgeukia kwa matumaini, kama mtu aliyeletewa shahidi wake mwenyewe, na mkono bado ulikuwa wazi mpaka juu ya kiwiko.

"Ndugu yangu, mwambie daktari," alisema. "Mwambie na huyu naye asikie. Si uliniambia yangu ilitoka safi?"

Iurie alifungua mdomo. Lilia hakungoja alichotaka kusema. Alikwenda mpaka mbele yake na kumchukua mtoto kutoka mikononi mwake.